Siku moja haitoshi kupima akili ya mtu



Tarehe 13 Machi 2024 serikali ilifungua tena mlango wa kunyonga ao kupiga risasi watu waliohukumiwa kifo. Mlango huo ulikuwa umefungwa tangu 2003. Tarehe 3 Julai, huko Lubero, mahakama ya kijeshi ikahukumu wasoda 25 wafe. Kesi ilichukua siku moja.

Siku moja! Munganga gani anaweza kupima akili ya watu 25 ndani ya siku moja?

Hatutetei uhalifu. Masisi na Walikale wamezika watu wengi mno. Lakini tukumbuke Sheka. Huyo mkubwa wa kundi la silaha la Walikale, kesi yake Goma ilichukua miaka miwili: ubakaji wa Luvungi 2010, mauaji, watoto waliopewa bunduki. Mwaka 2020 akapata kifungo cha maisha. Kwa hiyo muda wa kusikiliza unapatikana. Juu ya nini mkubwa asikilizwe miaka miwili, na msoda mdogo siku moja?

Na wale watoto wa bunduki wako wapi? Wamekuwa watu wazima. Wako wanaoruka usiku wakipiga kelele, wako wanaosikia sauti. Kijana wa Pinga ao Nyabiondo, ili afike Tulizo Letu hapa Goma, atapita barrière ngapi? Atakutana na juji wa kijeshi mbele ya kukutana na munganga.

Watu watasema: atajifanya kichaa ili apone. Ndiyo maana tunataka munganga! Ni yeye atakayemfunua mwongo. Na mgonjwa wa kweli haogopi circulaire ya waziri. Hajui hata iko.

Majirani wetu walishaona hatari hii. Uganda mwaka 2009, Kenya mwaka 2017, mahakama kuu zilikataa sheria ya kumlazimisha juji atoe kifo bila kuangalia mtu aliye mbele yake.

Katiba yetu, kifungu cha 61, inasema haki ya kuishi na haki ya kujitetea hazisimamishwi, hata wakati wa état de siège. Basi tunadai:

– circulaire ya 13 Machi iondolewe;
– hakuna hukumu nzito bila munganga wa akili kumpima mshitakiwa;
– raia warudishwe mbele ya majuji wa kiraia;
– wabunge wa Walikale waseme wazi wako upande gani.

Muwapigie simu. Muwaulize. Mtu akishauawa, hakuna rufaa tena.

Goma, Julai 2024