VIFARU VYA NANI, BUNDUKI YA NANI?



Mwaka 2005 ilitoka filamu ya dhihaka iitwayo Lord of War, kazi ya mwelekezi Andrew Niccol. Mchuuzi wa silaha, mhamiaji kutoka Ukraine aliyekulia New York, anawauzia madikteta wa Afrika bunduki kama mama auzaye omena kwa gorogoro: kwa kipimo, kwa masihara, na nyongeza kidogo juu. Mtazamaji anacheka mpaka machozi. Mwishowe mchuuzi anakamatwa, kisha anaachiliwa, kwa kuwa wakubwa wa dunia bado wana kazi naye. Niccol mwenyewe alisimulia kwamba alinunua bunduki halisi zipatazo 3,000 kwa sababu zilikuwa rahisi kuliko za bandia, na kwamba vifaru alivyoviazima vilitakiwa upesi na mwenyewe, aliyekuwa na mnunuzi wa kumngoja huko Libya. Ukweli ukiipita dhihaka kwa mbio, mtunzi afanye nini?

Wapo miongoni mwetu wasemao hayo ni mambo ya Liberia na Sierra Leone, sisi wa Kisumu yatuhusu nini. Hatukubaliani nao hata kidogo.

Tarehe 25 Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Kiukraine iitwayo Faina, ikielekea Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Serikali ya Kenya ikatangaza kwamba vifaru ni vyake. Hati za shehena zikaonekana zina herufi GOSS, na kila aliyejua habari za jirani zetu alitambua kuwa herufi hizo ni za Serikali ya Sudan Kusini. La hasha, akasema msemaji wa serikali: hizo ni herufi za idara ya ugavi wa zana katika jeshi letu! Andrew Mwangura wa Mombasa, mtetezi wa mabaharia, aliposema vifaru vinakwenda Sudan, alitiwa mbaroni na kushtakiwa kwa kutoa taarifa za kutia hofu. Meli ilikombolewa Februari 2009 kwa dola milioni 3.2. Mwishoni mwa 2010 nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizofichuliwa na WikiLeaks zilionyesha kwamba vifaru vilikuwa vya Sudan Kusini kweli, na Kenya ndiyo iliyokuwa njia. Mwenye kusema kweli alikuwa amekwisha kulala rumande.

Na tusijifiche nyuma ya kidole. Hiyo ilikuwa serikali ya mseto, na Waziri Mkuu wake alitoka huku kwetu ziwani. Tulioshangilia uteuzi wake hatuwezi leo kusema uongo ule ulikuwa wa wengine.

Sasa turudi Kondele. Januari 2008, vurugu za uchaguzi zilipopamba moto, kamera ya KTN ilimnasa kijana asiye na silaha akiwatania polisi, akiwakunjia uso na kuchezacheza kama wachezavyo vijana. Askari alimkimbiza, akampiga risasi, kisha akampiga teke akiwa chini. Nchi nzima iliiona filamu hiyo. Haikuwa na mtunzi wala mwigizaji. Askari alishtakiwa kwa mauaji, na Juni 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia, kwa kuwa namba ya bunduki iliyoletwa mahakamani haikulingana na namba ya bunduki aliyopewa kazini.

Hapo ndipo Mombasa na Kondele zinapokutana. Dola iliyoshindwa kusema vifaru 33 ni vya nani ndiyo hiyo hiyo iliyoshindwa kuileta bunduki moja yenye namba yake. Tusidhani ni uzembe wa makarani. Daftari likiwa la siri, kalamu huandika apendavyo mwenye daftari. Juu huliita usalama wa taifa, na chini, kwa mama anayelia Kondele, huitwa kukosekana kwa ushahidi. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008 wakati Faina ingali mikononi mwa maharamia, ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika vurugu zile. Kati yao 405 waliuawa kwa risasi, na huku Nyanza risasi ndiyo iliyoua wengi kuliko panga na mishale. Risasi hizo zilinunuliwa kwa kodi yetu.

Kichekesho kingine, kwa ufupi. Mwaka 2006 Kenya ilikuwa moja ya nchi 7 zilizoandika azimio la Umoja wa Mataifa la kuanzisha Mkataba wa Biashara ya Silaha. Mkataba ulipoanza kutumika Desemba 2014, Kenya haikuwamo miongoni mwa nchi zilizoutia saini. Fundi alijenga nyumba, akakataa kuingia.

Nabii Isaya alitabiri panga zitafuliwa kuwa majembe. Lakini mhunzi atafua vipi upanga uliokanwa na mwenyewe?

Kwa hiyo tunadai hivi. Kila bunduki ya polisi itolewe kwa namba na saini, na daftari hilo lifunguliwe mbele ya hakimu bila kuomba ruhusa ya wizara. Kila ununuzi wa silaha upite mbele ya kamati ya Bunge ukiwa na jina la atakayezitumia. Kamati za haki na amani za parokia, na ndugu zetu wa makanisa mengine, wamwite mbunge wao kabla ya makadirio ya bajeti kusomwa, wamkalishe kitini mbele ya waumini, wamuulize kwa sauti: risasi za mwaka huu ni ngapi, zimenunuliwa kwa nani, na zinakuja kwa ajili ya nani?