Kompyuta Inayochoka Ikiwa Imepumzika

Mwanachuo atakayepangiwa shule huku Ivuna, Wilaya ya Momba, aghalabu atakuta kompyuta moja tu ofisini kwa mwalimu mkuu. Ndani yake mna orodha za wanafunzi na alama za mitihani, na kwa mashine hiyohiyo hufanywa usajili wa watahiniwa wa darasa la saba. Ikianza kwenda polepole, hasa baada ya kuachwa ikiwaka bila kuguswa, hukumu hutolewa upesi: ina virusi, ipelekwe Tunduma kwa fundi ikafutwe yote. Tunaipinga hukumu hiyo. Alama za mwaka mzima hupotea kwa ugonjwa ambao mara nyingi haukuwapo, na mafunzo ya TEHAMA yanayoishia kuchapa barua ndiyo yanayouendeleza mtindo huo.

Yafaa kwanza tuelewe kwamba kompyuta isiyoguswa si kompyuta iliyolala. Ivuna ni nchi ya chumvi; wanaakiolojia waliochimba hapa katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya kazi ya kuchemsha maji ya chumvi ya karne nyingi zilizopita. Mpika chumvi akiketi kivulini, chungu hakiketi naye. Vivyo hivyo Windows huweka akiba ya kazi zake kwa wakati ambao mtu hayupo: kukagua virusi, kupanga faharasa ya mafaili ili yatafutike upesi, kushusha masasisho, kupanga upya diski.

Kwa kawaida matengenezo haya yamewekewa saa nane usiku. Lakini shule gani huacha kompyuta ikiwaka saa nane usiku? Huzimwa jioni ofisi inapofungwa. Basi kazi isiyofanyika husubiri nafasi ya kwanza. Mwalimu akienda darasa la nne kufundisha hisabati, mashine huona kuwa haina mtu, nayo huanza. Anaporudi na chaki mikononi huikuta inahema. Kazi hizi zimeundwa zisite mtu akirudi, ila kwa mashine kuukuu kusita huko huchukua muda. Diski ya sahani inayozunguka ina kichwa kimoja cha kusoma kwa kila uso wa sahani, nacho hakina budi kukimbia huku na huku kwa kila ombi. Maombi yakizidi, hata kufungua barua fupi hungoja foleni. Kumbukumbu ikiwa ndogo, diski hiyohiyo hutwishwa na mzigo wake.

Hapa ndipo penye somo hasa. Ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, hufunguka dirisha linaloonyesha kila programu na kiasi inachotumia cha prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao. Wengi hulifungua, hukuta kumetulia, hulifunga. Hawakutambua kuwa kwa kugusa tu kibodi wameikatiza kazi waliyotaka kuiona. Kila mwanachuo aliyewahi kukaguliwa darasani anaijua hali hiyo: mkaguzi akiingia, watoto hunyoosha migongo! Kwa hiyo dirisha liachwe wazi, lipangwe kwa safu ya diski au ya prosesa, kisha mtu aondoe mikono na kutazama kwa mbali kwa robo saa. Jina litakalopanda juu liandikwe daftarini pamoja na saa. Jambo hili lirudiwe siku mbili tatu. Vilevile ipo safu ya muda wa prosesa, ambayo hujumlisha kazi iliyokwisha kufanyika, na haidanganywi na ujio wetu.

Jina likiwa la ulinzi, faharasa au masasisho, dawa ni kuiachia mashine imalize. Iachwe ikiwaka mchana mmoja wa Jumamosi, umeme ukiwapo, wala isizimwe kwa nguvu katikati. Kama intaneti ya shule ni ya kifurushi cha simu, muunganisho uwekwe katika mpangilio wa kupimwa ili masasisho makubwa yasimeze fedha kimyakimya. Wapo wanaoshauri kuzima ulinzi kabisa. Hatukubaliani nao hata kidogo, kwani mashine ya shule hupokea flashi za kila mtu.

Virusi navyo vipo, hatukatai. Zimo programu za wizi zinazotumia prosesa ya mwenyewe kuchimba fedha za kidijitali, na baadhi yake hujificha dirisha lile linapofunguliwa. Jina geni linalorudi kila siku na kula sehemu kubwa ya prosesa lichunguzwe kwa ukaguzi kamili wa programu ya ulinzi. Hapo, na si kabla, fundi ana haki ya kuitwa. Alama zinakiliwe kwanza katika flashi iliyokaguliwa, na karatasi zilizochapishwa zibaki katika kabati la mwalimu mkuu. Fundi apewe na daftari lile lenye majina na saa, maana bila hilo naye atafuta tu.