Marekani: Matandiko ya ng'ombe, mzigo wa wafugaji wa kilimo hai

Katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, kama Vermont na Wisconsin, theluji hufunika malisho kwa miezi kadhaa na ng'ombe wa maziwa hukaa zizini. Ng'ombe hulala saa 10 hadi 12 kwa siku. Akilala penye unyevu, kiwele huugua.

Kwa wafugaji wa kilimo hai, hasara ni kubwa zaidi: ng'ombe akitibiwa kwa antibiotiki, maziwa yake hayawezi tena kuuzwa kama ya kilimo hai, hata akipona.

Tena, kanuni za serikali zinadai kwamba nyasi au mabua yanayotandikwa yawe ya kilimo hai, maana mnyama huweza kuyala anayolalia. Yakikosekana au yakiwa ghali, wafugaji hutumia unga wa mbao zisizotiwa dawa. Lakini unga huo ukilowa, vijidudu vinavyoshambulia kiwele huongezeka upesi.

Sheria inamlinda mnywaji, ila gharama anabeba mfugaji. Anayebana pesa kwenye matandiko anaweza kupoteza ng'ombe wake wa maziwa.