Turbo kwenye injini ya rota? Huku Kericho anza na rejeta

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee injini.

Kuna kijana mmoja, fundi wa Subaru hapa mjini, tunabishana naye tangu Desemba. Anataka kujenga ndege ya viti viwili kwa injini ya Mazda RX-8, ile ya rota, na kitu cha kwanza alichotaka kununua ni turbo. "Huku juu hewa haitoshi," anasema. Hapo hajakosea. Ninachopinga ni kuanza na turbo, na napinga kwa nguvu, kwa sababu injini ikizima juu ya mashamba yetu hakuna pa kutua. Ni miteremko ya chai, mikaratusi, halafu msitu wa Mau.

Msidhani ndege za kujitengenezea ni ndoto za wazungu peke yao. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta kama mimi, alijenga yake kwa injini ya Toyota NZE. Lakini wengi wanaosoma mambo haya kwenye intaneti huishia kuipenda rota, na naelewa kwa nini. Haina valvu wala pistoni za kupanda na kushuka. Ndani kuna rota mbili za pembetatu zilizovimba ubavuni, zinazungusha shafti moja. Ukubwa wake ni cc 1,308 tu, na ile ya RX-8 hutoa zaidi ya farasi 200 bila turbo yoyote. Ni ndogo na haitikisiki sana. Kwa sababu inazunguka haraka mno kwa propela, unaiwekea gia ya kupunguza mwendo na kazi inaendelea.

Shida yake ni joto. Kwenye injini ya pistoni, mchanganyiko baridi wa petroli na hewa unaingia palepale palipowaka moto sehemu ndogo ya sekunde kabla, kwa hiyo pale panapata nafuu. Kwenye rota, upande mmoja wa bodi unawaka siku zote na upande mwingine unapokea hewa baridi siku zote. Halafu rota zenyewe zinapozwa na oili kwa ndani, kiasi kwamba karibu theluthi ya joto la kupozwa linatoka kupitia oili, si maji. Anayeweka rejeta kubwa ya maji na kakipoza oili kadogo anajidanganya. Ikichemka vibaya, zile raba za kuzuia maji kati ya bodi zinaharibika na maji yanaingia mahali pa moto.

Sasa tupige hesabu ya huku kwetu (nilifanya kwa kiprogramu kidogo, lakini kikokotoo kinatosha). Chukua mita 2,100 juu ya bahari, saa nane mchana, nyuzi 23. Uzito wa hewa unabaki kama asilimia 75 ya ule wa kipimo cha usawa wa bahari. Injini ya farasi 200 isiyo na turbo inabaki na kama 150. Inauma! Ila angalia kwamba na joto linalozalishwa nalo limepungua karibu kiasi hicho hicho. Mlima umekunyang'anya nguvu, lakini umekupunguzia na moto.

Weka turbo urudishe zile 200. Joto limerudi lote, lakini hewa inayopita kwenye rejeta ni ileile nyepesi. Hata ukipanda kwa mwendo uleule unaoonekana kwenye kipimo, kilo za hewa zinazopita ni pungufu kwa kama asilimia 13. Turbo inaishindilia injini hewa. Rejeta haishindiliwi chochote. Tena turbo yenyewe, kwa kuikandamiza hewa ifikie mgandamizo wa pwani, inaipasha kutoka nyuzi 23 hadi kama 55. Kwa hiyo unaongeza intakula (na kweli inakula, maana nayo inadai sehemu ya hewa ileile). Ukiiacha, mchanganyiko unajilipukia kabla ya wakati, na zile sili za ncha za rota huvunjika.

Wenye Subaru wataniambia gari lao lina turbo na linapanda milima bila shida. Sawa, lakini gari linakaza dakika chache halafu linateremka. Ndege inaondoka kwa nguvu zote na kuendelea kupanda hivyo, ikiwa polepole, wakati ambapo upepo wa rejeta ni mdogo kabisa. Na turbo haisaidii bawa: kwa wepesi huu wa hewa, hata ukiwa na farasi wako wote 200, unahitaji angalau theluthi moja zaidi ya uwanja ili uruke.

Kwa hiyo pesa za kwanza ziende kwenye njia ya hewa. Aliyewahi kuingia kiwanda cha chai, Litein au Mogogosiek, ameona yale mahori marefu ya kunyaushia majani, feni kubwa upande mmoja. Majani yakitandazwa vibaya hewa inakimbilia pale penye mwanya na mengine yanabaki mabichi. Rejeta ya ndege ni hivyo hivyo. Hewa iingie kwa mdomo mdogo, ipanuke taratibu na kupunguza kasi kabla ya kugusa rejeta, na kandokando pazibwe kabisa. Mwingereza Meredith aliandika mambo haya mwaka 1935, na ndege ya kivita P-51 ikanufaika nayo.

Mimi ningefunga injini bila turbo, niweke vipima joto kwenye maji na oili, visome kila sekunde na kuhifadhi kwenye kadi. Kisha niifunge ndege kwa kamba nene, niiendeshe kwa nguvu zote mchana wa Februari, jua likiwa kali. Hayo yote kabla ya kwenda kuomba kibali cha KCAA. Joto la oili likiwa bado linapanda baada ya dakika kumi, turbo ibaki kwenye boksi lake.