Bega Lililoteguka Lisivutwe Nyumbani

Kunja kiwiko chako. Sasa kinyooshe. Kinakunjika na kunyooka kama mlango kwenye bawaba. Goti nalo ni hivyo hivyo. Sasa zungusha bega. Mkono unakwenda mbele, nyuma, juu na pembeni. Bega si bawaba. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho kinakaa katika kikombe.

Nyonga pia ina kikombe. Lakini kikombe cha nyonga kina kina kirefu, kama kinu. Cha bega ni kama kisahani tu. Ndiyo maana bega lina uhuru mwingi, na ndiyo maana linateguka upesi.

Hapa Ruangwa watu wanapanda mikorosho kupogolea, na miembe kuchuma. Wengine wanaanguka na baiskeli au pikipiki. Bega likiteguka, mara nyingi wanaume wawili wanamkamata mgonjwa na mmoja anauvuta mkono. Mimi napinga jambo hili. Najua wapo wazee mafundi wa viungo, nami ni kijana mbele yao. Lakini jicho halioni ndani ya nyama. Pengine mfupa umevunjika pia, na hilo huonekana kwa picha ya eksirei. Tena kwapani inapita mishipa mikubwa ya damu na mishipa ya fahamu. Ukivuta kwa nguvu, mishipa hiyo inaweza kuumia, na mkono ukapooza. Mkulima atashikaje jembe?

Fanya hivi. Acha mkono ulivyo, uufunge kwa khanga inayoning'inia shingoni. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Usichue. Gusa vidole: vikiwa baridi au vina ganzi, hiyo ni hatari kubwa, ondokeni hapo hapo. Hata visipokuwa hivyo, mgonjwa afike zahanati au hospitali siku ile ile. Akikaa siku nyingi, misuli hukaza na bega hurudi kwa shida.

Watu husema nauli ni ghali. Ni kweli, na si jambo la kucheka. Kwa hiyo naona kila kitongoji kiweke akiba kidogo wakati wa mauzo ya korosho na ufuta, kwa ajili ya safari za majeruhi.

Aliyeumia shingo asikalishwe, wala asipakiwe kwenye pikipiki. Alazwe chali juu ya ubao, hata mlango uliong'olewa unafaa. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke.

Na akina mama na akina baba, msimwinue mtoto mdogo kwa kumvuta mkono mmoja. Kano za kiwiko chake bado ni laini, na mfupa huchomoka. Mtoto atalia, kisha ataacha kuutumia mkono ule. Mwinueni kwa kumshika kwapani, mikono miwili.