Pikapu ya Shamba Si ya Kupigia Picha

Wasee, leo nitasema kitu ambacho wengine wenu hamtapenda. Hizi pikapu tunazoshabikia kwa simu zetu zinafilisisha wazazi wetu kule ushago, na sisi ndio tunawasukuma.

Mnajua ile ninayosema. Dabo kebini nyeusi, imeinuliwa juu, rimu kubwa, vioo vya giza, nambari ya KD, wimbo chini yake, na maandishi: "Mkulima wa kisasa." Mkulima gani? Hiyo gari haijawahi kubeba hata gunia moja la mbolea. Nyuma kunang'aa kuliko sinki ya kwetu. Lakini sisi tunagonga moyo, tunamtumia anko, tunamwambia, "Anko, ukipata doo nunua kama hii."

Mimi nilituma. Ndio maana naandika.

Anko wangu yuko Kinangop, Nyandarua. Analima viazi na kabichi, na ana ng'ombe sita wa maziwa. Kwa miaka mingi alikodisha pikapu ya jirani, na kila msimu pesa ya kukodisha ilikuwa inamla pole pole. Akaweka akiba kwa sacco, akachukua mkopo juu ya akiba, akanipigia simu: "Kijana, wewe unajua mambo ya mtandao. Nitafutie gari."

Si uongo, nilijiona mkubwa. Nikazunguka kwa simu siku tatu, nikampata "mrembo" kwa yadi moja Nairobi. Dabo kebini, viti vya ngozi, skrini kubwa, nambari ya juzi. Anko alikuja na basi asubuhi, akaizunguka mara mbili, akaketi ndani, akacheka kama mtoto. Tulilipa siku hiyo hiyo.

Sasa kitu kinachoniuma mpaka leo ni hiki. Anko akienda kununua ng'ombe, hafanyi hivyo hata siku moja. Anafika kwa muuzaji alfajiri aone ng'ombe akikamwa. Jioni anarudi aone tena. Anauliza mama yake alikuwa anatoa lita ngapi, amezaa mara ngapi, aliwahi kuugua nini. Anashika kiwele kwa mkono wake. Ng'ombe mmoja tu! Lakini pikapu ya milioni mbili na kitu, mkopo wa miaka minne, tuliinunua kwa sababu ya rangi. Na aliyemwambia rangi ni kitu ya maana ni mimi.

Mvua za Aprili zikafika. Asubuhi moja anko yuko kwa mlima, amebeba mikebe ya maziwa na kabichi juu, taa ya injini ikawaka na gari ikakataa kuvuta. Haikuzima. Ilikataa tu kupanda, inatambaa kama mzee. Fundi wa hapo kwetu, ambaye ameshika spana tangu kabla nizaliwe, alifungua boneti akaifunga. "Hii inataka kompyuta. Mimi sina." Ikavutwa hadi Nairobi. Ilikuwa sensa na injekta mbili, na injekta za modeli hiyo ziliagizwa kutoka nje. Siku 19. Maziwa ya asubuhi ile yalichacha, na kabichi zilizokuwa zimeshakatwa anko aliuza kwa bei ya kulishia nguruwe.

Na hiyo haikuwa mbaya zaidi. Gari ilipoinuliwa, fundi wa Nairobi aligonga chasisi na nyundo ndogo, na rangi nyeusi ikaanguka na vipande vya kutu kama maganda. Ilikuwa imepakwa rangi juu ya kutu. Hakuna mtu kati yetu alikuwa ameinama kuangalia chini. Kwani picha huwa zinapigwa chini?

Kwa hivyo nina maneno matatu na sisi wote, mimi nikiwa wa kwanza.

Kwanza, wacheni kuabudu nambari. KD haimaanishi gari ni mpya. Inamaanisha ilisajiliwa Kenya juzi, basi. Sheria yetu inaruhusu gari iliyotumika kuingia nchini kama haijapita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza huko ilikotoka. Fanya hesabu: pikapu ya KD iliyosajiliwa hapa 2021 inaweza kuwa ilianza kazi 2014. Pikapu ya KC iliyonunuliwa ikiwa mpya kabisa hapa Kenya mwaka wa 2018 ni changa kwake kwa miaka minne. Lakini uko tayari kulipa zaidi kwa ile nzee kwa sababu ya herufi moja. Hiyo ni biashara ama ni ushamba wa mjini?

Pili, wacheni kuabudu jina. Sote tumeona ile video ya Top Gear ya 2003, Hilux imezamishwa baharini, ikachomwa moto, ikawekwa juu ya jengo likabomolewa, na bado ikawaka. Sawa. Lakini ile ilikuwa dizeli ya zamani, isiyo na kompyuta ya kuisumbua. Hilux ya leo ni gari nzuri, lakini si gari ile. Na jina halizuii kutu. Mwaka wa 2016, huko Marekani, Toyota yenyewe ilikubali kumaliza kesi ya pikapu zilizooza chasisi, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Kama kutu inaweza kuangusha fremu za kampuni hiyo, wewe ni nani uamini rangi ya yadi?

Na hadithi za mabroka ni tamu sana. "Hii ni ya Japani, ilikuwa ya daktari." Hilux haikuuzwa Japani kati ya 2004 na 2017. Kwa hivyo ukiambiwa Hilux ya 2014 ilikuwa inaendeshwa pole pole huko Tokyo, cheka, halafu uliza ilitoka wapi kwa kweli. Pikapu nyingi zinazoletwa huku hutoka Thailand ama Uingereza. Si vibaya, mradi ujue. Uingereza wanamwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hula chuma kutoka chini. Lakini Uingereza pia wana kitu kizuri: magari yao hukaguliwa kila mwaka yakishafika miaka mitatu, na rekodi za ukaguzi huo, unaoitwa MOT, ziko wazi kwa tovuti ya serikali yao, bure. Ukipata nambari ya gari ya kule, utaona mileji yake mwaka baada ya mwaka, na kama mkaguzi aliandika kuhusu kutu. Muuzaji akikataa kukupa hiyo nambari ya zamani, ameshakujibu.

Tatu, na hili ndilo kubwa: gari ya shamba ya kuaminika si ile isiyoharibika. Hiyo haipo. Ni ile ambayo ikiharibika Jumatatu asubuhi, fundi wa soko lenu anaifufua Jumatatu jioni. Kabla ya kuingia kwa yadi yoyote, nenda kwa huyo fundi, nunua chai, muulize: "Ni pikapu gani unaifungua ukiwa umefunga macho? Spea zake zinapatikana wapi?" Jibu lake lina maana kuliko video mia moja za TikTok, zangu zikiwemo. Kwa watu wengi utasikia majina yale yale: Isuzu D-Max, ambayo huunganishwa hapa hapa Nairobi, Hilux za miaka ya nyuma, Nissan Hardbody. Si kwa sababu ni nzuri kuliko zote duniani. Ni kwa sababu ziko kila mahali, na kitu kilichoko kila mahali kina fundi na kina spea. Wazee walipenda Peugeot 504 pikapu kwa sababu hiyo hiyo. Ziliunganishwa Mombasa, na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kuzifungua.

Najua mtasema nini. "Singo kebini haibebi familia." Kweli, haibebi. Lakini gunia la viazi kisheria ni kilo 50, na pikapu ya tani moja inabeba magunia 20. Jaribu kupanga hayo magunia 20 kwa ile sehemu fupi ya nyuma ya dabo kebini, halafu uniambie nani alikuwa anadanganya nani. Kama shamba ndilo linalipa mkopo, basi shamba ndilo linachagua gari. Familia itapanda matatu Jumapili, na mkopo ukiisha mtanunua ya kanisa.

"Injini za kisasa zinakunywa mafuta kidogo." Zinakunywa kidogo, ndio. Lakini pia hazipendi dizeli chafu, na injekta moja ikikufa itakula mafuta yote uliyodhani umeweka akiba.

"Zilizotumika hapa Kenya zimeteswa." Zingine zimeteswa vibaya, sikatai. Pikapu za miraa zinavyokimbia kutoka Meru sote tunajua, na mimi singenunua moja hata kwa nusu bei. Lakini gari iliyotumika hapa, aliyeitesa unaweza kumpata. Unaweza kuongea na dereva wake. Unaweza kumuuliza fundi aliyekuwa anaihudumia. Iliyotoka mbali imekuja na hadithi ya broka tu.

Kwa hivyo nunua venye anko hununua ng'ombe. Fika asubuhi mapema, kabla muuzaji hajaipasha moto, uguse injini uhakikishe ni baridi. Gari inayofichwa ugonjwa hupashwa moto kabla hujafika. Iwashe wewe mwenyewe. Moshi wa bluu usioisha ni oili inaungua. Moshi mweupe mzito usioisha, shuku injekta ama maji yanaingia ndani. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma: ikipumua kama treni, piston zimechoka. Lala chini, ndio, lala chini na nguo zako za mjini, ugonge chasisi kutoka mbele hadi nyuma. Tafuta mahali pamechomelewa na rangi mbichi. Soma nambari ya chasisi kwenye chuma chenyewe, uilinganishe na logibuku. Ingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, uone kama inashika kweli ama ni mapambo. Halafu fanya kile ambacho karibu hakuna mtu hufanya: pakia mzigo. Omba magunia kumi ya mchanga, panda mlima nayo. Pikapu tupu kila mtu anaweza kuiendesha. Difu inayolia, klachi inayoteleza, springi zilizolala, injini inayochemka, hivyo vyote husema ukweli vikiwa na mzigo.

Muuzaji akisema huwezi kupakia, mwambie asante, uende nyumbani.

Na kabla ya kutuma hata shilingi ya kushikia, tafuta rekodi ya gari ya NTSA kupitia eCitizen. Ni pesa isiyofika elfu moja. Itakuonyesha nani ndiye mwenyewe na kama gari inadaiwa. Watu wamenunua pikapu za mikopo ya logibuku, halafu mkopeshaji akaja na dalali usiku. Ukishanunua, kata bima ya gari ya biashara ya kubebea mzigo wako, si ya kibinafsi kwa sababu ni rahisi. Siku ya ajali utajua tofauti, na utaijua vibaya.

Anko aliuza ile dabo kebini kwa hasara kubwa. Mkopo bado unakatwa. Alinunua singo kebini nyeupe ya KC, imekwaruzwa mlango mmoja, kutoka kwa mtu wa Ol Kalou ambaye dereva wake alisoma darasa moja na yeye. Safari hii sikutafuta chochote kwa simu. Alienda na fundi, saa kumi na mbili asubuhi, na gunia nane za viazi kwa gari ya jirani, za kuijaribia. Redio yake inashika stesheni mbili. Hadi leo haijachelewesha maziwa hata siku moja.

Mwezi uliopita nilienda ushago nikataka kuipiga picha. Anko akaniangalia tu. "Kijana, weka simu. Njoo ushike huku, tupakie."

Nikaweka simu.