Wembe wa kwanza wa kijana: kila mtu na wake

Ndugu msomaji, mtoto wa kiume akibaleghe tunamfundisha josho, sala na saumu. Wembe tunamwachia ajitafutie mwenyewe, naye huchukua wa baba au wa kaka yake kimyakimya.

Haya nayasema kwa kuwa nimeyaishi. Katika madrasa niliyosoma tulilala bweni, na kila Idi ikikaribia wembe mmoja ulipita vichwa hata kumi. Tuliusuuza, damu ikatoka, tukasema umetwaharika. Miaka mingi baadaye mwenzetu mmoja alipopimwa alikutwa na homa ya ini B. Siwezi kuapa kuwa ni wembe ule. Najua tu kwamba njia ilikuwa wazi.

Hapa ndipo tunapochanganya. Najisi ikioshwa, wembe ni twahara. Lakini twahara si kinga ya maradhi. Virusi vya homa ya ini B havionekani kwa macho, na huweza kudumu nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Kuupangusa wembe kwa spiriti si sawa na kuuchemsha kwa mvuke kama tufanyavyo vifaa hospitalini. Hapa Tanzania watoto wachanga walianza kuchanjwa mwaka 2002, hivyo akina baba wengi hawakuipata chanjo hiyo utotoni.

Basi anunuliwe upi? Vijana wanapenda ule wa kukunja, kama wa kinyozi. Upo wenye chuma cha kudumu, ambao unahitaji jiwe na ukanda wa ngozi wa kunolea. Anayeanza hauwezi. Upo mwingine ambao ni mpini tu, unapachikwa nusu ya wembe wa kawaida na kutupwa ukiisha makali. Mimi nasema anunuliwe huu wa pili, kwa kunyolea shingo na mashavu. Kwa sehemu za siri atumie wembe wenye kinga, maana mkono mgeni hukata.

Alowanishe nywele kwa maji ya uvuguvugu, apake sabuni, alaze wembe, anyoe kufuata nywele zinakoelekea. Ukiisha makali, autie katika chupa ngumu yenye kifuniko, asiutupe jalalani ukamkata mwingine.

Kunyoa sehemu za siri ni katika mambo ya fitra, na Anas (r.a.) amepokea kwamba tusipitishe siku 40. Kwa hiyo kila aliyebaleghe nyumbani, mume, mke, kijana na binti, anahitaji wembe wake. Hata mahujaji wanaonyoa Mina huhimizwa wasitumie wembe uliotumiwa na mwingine.

Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuru na kudhuriana. Mzazi mwenzangu, usione haya. Mkabidhi mwanao wembe wake, umwambie kwa nini haazimwi mtu, hata ndugu yake wa damu.

Wallahu a'lam.